Medianuwai katika Ufundishaji wa Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wahadhiri, na ya watu wanaowasaidia: mafundi, wabunifu wa mafunzo, na yule mwenzao wa idarani ambaye kila mtu humwita projekta ikigoma. Yameanza na misingi na kuishia kwenye mambo ya pembeni. Jibu linapoegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Kabla ya kugusa kompyuta

1. Medianuwai ni nini hasa? Mimi tayari natumia slaidi.

Ni maneno na picha vikifanya kazi pamoja katika kufundisha. Maneno yanaweza kuwa ya kusemwa au ya kuandikwa; picha zinaweza kuwa mchoro, ramani, grafu, fotografia, video au uhuishaji. Kwa hiyo slaidi yenye mchoro unaoueleza kwa mdomo imo. Rekodi ya sauti inayomwongoza mwanafunzi kwenye ramani iliyochapishwa imo pia. Slaidi yenye aya tatu za maandishi matupu haimo, hata ikiwa na rangi saba na mbwembwe za kuingia na kutoka. Hiyo ni karatasi iliyotundikwa ukutani.

Swali lenye faida zaidi ni hili: katika mada yangu, ni kipi ambacho maneno peke yake hayakifikishi? Mzunguko wa damu, mteremko wa grafu, matamshi ya lahaja, hatua za kushona jeraha, mpaka wa dola unavyosogea karne hadi karne: hapo picha au sauti inabeba mzigo. Pale ambapo maneno yanatosha, yaache yatoshe.

2. Je, video inafundisha vizuri kuliko mhadhiri aliyesimama mbele?

Kwa kuwa tu ni video, hapana. Mwaka 1983 mtafiti wa elimu Richard Clark alipitia tafiti zilizolinganisha vyombo vya kufundishia na akahitimisha kwamba chombo chenyewe hakiongezi ujifunzaji. Kinachoongeza ni mbinu iliyomo ndani yake. Robert Kozma alimjibu baadaye kwamba kila chombo kina uwezo wake, na kwamba mbinu nyingine haziwezekani bila chombo fulani. Malumbano yao yamedumu, lakini mhadhiri anaweza kuondoka na jambo moja: somo lililopangwa ovyo, likirekodiwa, linabaki somo lililopangwa ovyo.

Kinachoungwa mkono na majaribio mengi ni dai dogo zaidi. Watu hujifunza vizuri kwa maneno yanayoambatana na picha inayohusika kuliko kwa maneno matupu. Richard Mayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wamelipima hilo kwa miongo kadhaa, kwa mada kama pampu ya baiskeli, breki za gari na jinsi radi inavyotokea. Msingi wao ni kwamba akili hupokea habari kwa njia mbili, ya kuona na ya kusikia, na kila njia ina nafasi finyu kwa wakati mmoja. Ukiijaza njia moja kupita kiasi, nyingine haikuokoi. Sehemu kubwa ya ushauri ulio kwenye swali la 5 hadi la 10 inatoka hapo.

3. Nitengeneze video kwa wanaojifunza kwa kuona, na sauti kwa wanaojifunza kwa kusikia?

Hapana, usijitese. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walichunguza ushahidi wa dai kwamba kila mtu ana "mtindo" wake wa kujifunza na afundishwe kwa mtindo huo. Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuliunga mkono. Watu wana mapendeleo, hilo ni kweli, lakini kufuata mapendeleo hayo si sawa na kujifunza zaidi.

Mada ndiyo iamue umbo. Anayesoma jiografia anahitaji ramani hata kama anapenda kusikiliza, na anayesoma fonetiki atasikiliza tu, apende asipende. Mahitaji ya mwanafunzi asiyeona au asiyesikia ni suala jingine kabisa, na si la mapendeleo. Tazama swali la 17 na la 18.

4. Sina muda. Nianzie wapi?

Anzia kwenye karatasi za mtihani uliopita. Tafuta mahali ambapo kundi zima hujikwaa kila mwaka, ile dhana ambayo umeieleza kwa namna zote na bado majibu yanarudi yale yale. Chagua moja tu. Andika sentensi moja: "Baada ya hapa mwanafunzi ataweza…" na umalizie kwa kitenzi unachoweza kukipima, kama kukokotoa, kutofautisha au kuchora. "Kuelewa" hakipimiki, kwa hiyo kiepuke.

Kisha tengeneza kitu kimoja kifupi kwa ajili ya sentensi hiyo, na maswali mawili matatu ya kujipima baada yake. Kitumie muhula mmoja. Wahadhiri wanaoapa kurekodi kozi nzima kwenye likizo kwa kawaida huishia wiki ya nne, wamechoka, na wana faili nyingi zisizo na mtazamaji.

## Slaidi, picha na uhuishaji

5. Kwa nini naambiwa nisisome slaidi? Wanafunzi wenyewe wanataka maandishi yote yawepo.

Kwa sababu mwanafunzi husoma kwa kasi yake na wewe unasema kwa kasi yako, na macho yanayosoma hayawezi kuangalia mchoro kwa wakati huo huo. Katika majaribio ya Mayer, picha iliyoelezwa kwa sauti ilifundisha vizuri kuliko picha hiyo hiyo ikiwa na sauti pamoja na maandishi yanayorudia sauti neno kwa neno.

Wanafunzi wanataka maandishi kwa sababu ya kudurusu, na hapo wana haki. Tenganisha kazi hizo mbili: slaidi za kuonyesha ziwe na mchoro na maneno machache, na kitini cha kusoma nyumbani kiwe na maelezo kamili. Kulazimisha faili moja ifanye kazi zote mbili ndiko kunakozaa zile slaidi za herufi ndogo ambazo hata aliyekaa safu ya mbele hazisomi.

Kuna nafuu. Msamiati mgeni, jina la mtu, fomula au nukuu fupi inayochambuliwa vinapaswa kuonekana kwa maandishi vinapotamkwa. Vilevile wanaofundishwa kwa lugha isiyo yao hunufaika na maandishi zaidi kuliko wenye lugha hiyo. Manukuu ya video, yaani maandishi ya kinachosemwa yanayoweza kuwashwa na kuzimwa, hayaingii katika katazo hili.

6. Naweza kuweka picha za kuchangamsha darasa?

Picha nzuri isiyohusika na hoja huvuta macho kwenye jambo ambalo hutalitahini. Watafiti wameliona hili mara nyingi: habari za kusisimua zisizo za lazima, kama kisa cha mtu aliyepigwa na radi katikati ya somo la jinsi radi inavyotokea, hukumbukwa zenyewe, huku kanuni ikisahaulika. Muziki wa chinichini una tatizo hilo hilo na uondolewe. Mzaha wa mhadhiri mwenyewe ni jambo jingine. Hauchukui nafasi kwenye skrini.

7. Mchoro wenye sehemu nyingi niuonyesheje?

Kidogo kidogo. Anza na umbo tupu, ongeza sehemu moja, ieleze, ongeza nyingine. Majina ya sehemu yaandikwe juu ya sehemu zenyewe, si kwenye orodha ya namba pembeni inayomlazimisha mwanafunzi kwenda na kurudi kwa macho. Elekeza kwa mshale au kwa kufifisha sehemu ambazo hazijafikiwa.

Kama mchoro una istilahi nyingi ngeni, fundisha istilahi kwanza, dakika mbili tu, ndipo uende kwenye jinsi sehemu zinavyofanya kazi pamoja. Na ukiweza kuchora mbele yao kwa mkono, kwenye ubao au kwenye kishikwambi, chora. Mchoro unaokua huku ukielezwa hufuatika kuliko uliotua mzima mzima, na mkono unaochora unakupunguzia kasi ya kusema bila wewe kujitahidi.

8. Uhuishaji ni bora kuliko picha tuli?

Si lazima. Uhuishaji hupita na kutoweka. Mwanafunzi akikosa sekunde tatu amekosa hatua. Kwa mwendo ambao hauwezi kuonekana vinginevyo, kama vali ya moyo ikifunguka au algoriti ikipanga namba, una faida, mradi kuwe na kitufe cha kusimamisha na kurudisha nyuma. Kwa mambo mengine, picha tuli nne zilizopangwa kwa mfuatano kwenye ukurasa mmoja hufanya kazi vizuri, na hazikuli siku nne za kutengeneza.

## Kurekodi

9. Video iwe na urefu gani?

Dakika sita ndiyo namba inayotajwa sana, na inafaa kujua ilikotoka. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video kwenye kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Waligundua kwamba muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika sita, hata video iwe ndefu kiasi gani. Walichopima ni watu walikaa wakitazama kwa muda gani, hawakupima walichojifunza. Na watazamaji wale walikuwa wamejisajili kwa hiari, tofauti na mwanafunzi wako anayesubiri mtihani.

Kwa hiyo usiihesabu kama sheria. Kanuni yenye nguvu zaidi ni dhana moja kwa video moja. Dhana ikihitaji dakika tisa, ipe tisa. Ikihitaji ishirini, huenda ni dhana tatu zilizofungwa pamoja, na mwanafunzi anayetafuta moja kati yake usiku wa kuamkia mtihani hataipata.

Utafiti huo uligundua pia kwamba wahadhiri waliosema kwa kasi kidogo na kwa uchangamfu walitazamwa zaidi, na kwamba mafunzo ya kuchora huku ukieleza yalishinda slaidi tupu. Wanaojilazimisha kusema polepole mno kwa hofu ya kutoeleweka wajue kwamba mtazamaji ana uwezo wa kusimamisha.

10. Lazima sura yangu ionekane?

Si lazima. Sura mwanzoni, kwa dakika moja, humfanya mwanafunzi ajue anaongea na nani. Baada ya hapo, uso uliokaa kona ya skrini muda wote hushindana na mchoro. Rudi usoni pale ambapo mwili wako unafundisha: onyesho la maabara, matamshi, lugha ya alama, ushauri nasaha. Wasiopenda kamera wasilazimishwe. Sauti yao inatosha.

11. Ninunue vifaa gani?

Kwanza usinunue kitu. Simu janja ya kawaida inarekodi picha inayotosha. Kinachowakimbiza watazamaji ni sauti mbovu. Picha yenye ukungu huvumiliwa, sauti yenye mwangwi haivumiliki. Fedha ya kwanza ikipatikana, iende kwenye maiki ya kubana kwenye ukosi. Kabla ya hapo, waya wa masikioni wa simu wenye maiki yake ni bora kuliko maiki ya kompyuta iliyo mbali na mdomo.

Chumba kina uzito kuliko kifaa. Ukumbi mtupu wenye sakafu ngumu hurudisha sauti. Chumba chenye mapazia, vitabu na zulia huinyonya. Zima feni. Weka maiki umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Mwanga utoke mbele yako. Dirisha likiwa nyuma, utaonekana kivuli.

Programu zipo bila malipo: OBS Studio hurekodi skrini na kamera, Audacity huhariri sauti, na PowerPoint yenyewe ina sehemu ya kurekodi slaidi pamoja na sauti. Hiyo ya mwisho inawatosha wahadhiri wengi, na uzuri wake ni kwamba sauti hukaa slaidi kwa slaidi. Ukikosea ya saba, unarudia ya saba tu.

12. Nasitasita ninaporekodi. Nihariri kila kosa?

Hapana. Kosa la ukweli lifute au urekodi upya. Kosa la ulimi lisahihishe hapo hapo kama ungefanya darasani na uendelee. Ukikwama katikati, nyamaza, piga makofi mara moja, rudia sentensi tangu mwanzo. Mlio ule utaonekana kama mnara kwenye picha ya sauti, nawe utajua pa kukata.

Andika vidokezo badala ya hotuba kamili, isipokuwa kwa fasili na takwimu. Anayesoma hotuba husikika anasoma. Majaribio pia yameonyesha kwamba maelezo ya mtindo wa mazungumzo, yanayomwambia msikilizaji "wewe", hufundisha vizuri kuliko ya mtindo rasmi.

13. Si rahisi zaidi kurekodi tu mihadhara yangu ya darasani?

Ni rahisi kwako. Kwa aliyeugua siku hiyo, au anayetaka kurudia sehemu asiyoielewa, rekodi ya ukumbini ni msaada mkubwa, na ni vizuri iwepo. Lakini kama nyenzo kuu ya kufundishia ni dhaifu: maswali ya wanafunzi hayasikiki, unaelekeza ubao ambao kamera haiuoni, na kuna matangazo ya wiki ile yanayoizeesha rekodi kabla ya mwezi kuisha.

Ukirekodi, rudia kila swali la mwanafunzi kwenye maiki kabla ya kulijibu, na waambie mapema kwamba wanarekodiwa. Baada ya hapo, ongeza orodha fupi ya dakika na mada, ili mtu aende moja kwa moja kwenye dakika ya 34 bila kupapasa.

## Ukubwa wa faili na intaneti dhaifu

14. Video yangu ya dakika kumi ni zaidi ya gigabaiti moja. Nimekosea wapi?

Hujakosea, simu imerekodi kwa ubora wa filamu. Ukubwa wa faili ni kiwango cha data kwa sekunde kuzidishwa kwa idadi ya sekunde, kisha kugawanywa kwa nane, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Kwa megabiti 17 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha kawaida cha simu kwa ubora wa picha wa 1080p, dakika kumi ni takriban megabaiti 1,275. Punguza hadi megabiti 1 na unapata 75. Slaidi ambazo hazijongei zinavumilia kilobiti 300, yaani megabaiti 22.5 kwa dakika zile zile. Sauti peke yake, ya chaneli moja kwa kilobiti 48, ni megabaiti 3.6.

Tumia HandBrake, programu ya bure: chagua MP4 na H.264, shusha hadi 720p au hata 480p, na upunguze idadi ya fremu kwa sekunde kama ni slaidi. Kabla ya kusambaza, ifungue kwenye simu ndogo na uone kama maandishi yanasomeka. Hifadhi faili ya awali mahali salama, kwa kuwa ukibana iliyobanwa tayari ubora huporomoka.

15. Wanafunzi wangu wengi wana simu tu, na bando halitoshi. Niache medianuwai?

Badilisha mpangilio wa umuhimu. Cha kwanza kiwe PDF nyepesi yenye michoro, cha pili sauti, cha tatu video. Mwanafunzi akiishia hatua ya kwanza bado awe amepata somo. Video iwe nyongeza, si mlango pekee. Ukifanya hivyo utagundua, labda kwa mshangao, kwamba video nyingi zilikuwa sauti pamoja na michoro minne.

Ruhusu kupakua. Video inayotazamika mtandaoni tu humtoza mwanafunzi kila anaporudia, na anayedurusu hurudia. Andika ukubwa wa faili kando ya kila kiungo ili mtu aamue kabla ya kubonyeza. Chuo kiweke nakala kwenye mtandao wake wa ndani, maktaba au maabara ya kompyuta, wanafunzi wachukue kwa flashi. Programu ya Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, na mifano ya PhET, yaani majaribio ya sayansi yanayoigwa kwenye kompyuta, inaweza kupakuliwa na kutumika nje ya mtandao.

Vipindi vya moja kwa moja kwa video ndivyo vinavyokula bando zaidi na kumtupa nje mwenye mtandao hafifu. Vitumie kwa maswali na mjadala. Maelezo yarekodiwe.

## Hakimiliki, manukuu na michoro kwa wasioona

16. Naweza kutumia picha niliyoipata kwa kutafuta Google?

Google huonyesha picha ilipo, haikupi ruhusa. Chukulia kwamba kila picha ina mwenyewe mpaka uone vinginevyo. Mkataba wa Berne wa 1886 haudai usajili: kazi inalindwa tangu inapoundwa, na nchi wanachama hulinda kazi nyingi kwa uchache maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria nyingi zina nafasi maalumu kwa kufundishia, ila upana wake hutofautiana nchi kwa nchi, na kuonyesha darasani si sawa na kuweka kwenye tovuti iliyo wazi kwa dunia. Mkutubi wa chuo ndiye wa kuulizwa. Kwa video ya mtu mwingine, kutoa kiungo karibu siku zote ni salama kuliko kupakua na kupakia upya.

Njia rahisi ni kutafuta kazi zilizoruhusiwa tayari. Leseni za Creative Commons zilianza kutolewa Desemba 2002 na ziko sita. BY inataka umtaje mwenye kazi. SA inataka utakachotengeneza kutokana nayo kitolewe kwa leseni hiyo hiyo. NC inakataza biashara. ND inakataza kusambaza toleo ulilolibadilisha, na hapa wahadhiri hunaswa: ukitafsiri maandishi ya mchoro wenye ND, huruhusiwi kuusambaza. Pembeni kuna CC0, ambapo mwenye kazi ameachilia haki zake kadiri sheria inavyoruhusu. Wikimedia Commons, hazina ya picha za namna hiyo, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Andika chanzo siku ile ile unapoichukua picha: jina la kazi, mwenyewe, kiungo, leseni. Kutafuta chanzo cha picha arubaini baada ya mwaka ni adhabu. Ama umiliki wa ulichotengeneza wewe, hilo hutegemea mkataba wako na sera ya chuo. Uliza kwa maandishi kabla ya kuanza, hasa kama kozi itaendelea kutumika ukiwa umeondoka.

17. Hakuna kiziwi darasani kwangu. Manukuu ya nini?

Huwajui wote, wengi wenye usikivu hafifu hawasemi. Zaidi ya hapo manukuu humsaidia aliye kwenye basi, anayejifunza kwa lugha ya pili, na anayetafuta mahali ulipotaja neno fulani.

Programu hutoa manukuu ya awali zenyewe, lakini huharibu majina, istilahi na fomula, yaani vile vitu hasa ambavyo mwanafunzi anavihitaji. Yasahihishe. Kwa maneno 150 kwa dakika, video ya dakika sita ina maneno 900, kazi inayofanyika kwa kikao kimoja. Yahifadhi kama faili ya manukuu, ya aina ya SRT au VTT, kando ya video, usiyachome ndani ya picha, ili yaweze kuzimwa na kutafsiriwa.

18. Na asiyeona atafaidikaje na michoro?

Kila picha yenye maana iwe na maelezo mbadala ambayo programu ya kusoma skrini itayatamka. Eleza inachofundisha: "grafu inapanda hadi mwaka wa tatu kisha inashuka" inasaidia, "picha ya grafu" haisaidii. Unaporekodi, acha kusema "kama mnavyoona hapa". Taja hicho kinachoonekana. Utashangaa jinsi hilo linavyowasaidia na wanaoona.

Rangi isibebe maana peke yake. Ongeza umbo au lebo. Kuhusu usomekaji, WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu, unataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli usipungue 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Kijivu juu ya nyeupe, mtindo unaopendwa sana, mara nyingi huanguka mtihani huo. Faili ya PDF iliyotokana na kupiga picha ukurasa haisomeki kabisa na programu hizo. Toa faili yenye maandishi halisi.

## Kwa wanaowasaidia wahadhiri

19. Tumeendesha warsha, watu wamejaa, wamepewa vyeti, na hakuna kilichobadilika. Kwa nini?

Kwa sababu warsha ilifundisha programu, na mhadhiri alirudi ofisini na tatizo la somo. Alioneshwa vitufe vyote vya kuhariri video kwa mfano wa mtu mwingine. Jumatatu ana mada yake, darasa lake, na hakuna wa kumuuliza kitufe cha tatu kiko wapi.

Geuza mpango. Mhadhiri aje na mada moja iliyomshinda, na asiondoke mpaka kipande kimoja kiwe tayari kutumika wiki ile. Saa mbili za namna hiyo, watu wanne watano tu mezani, huzaa kuliko siku tatu za ukumbini. Kisha msaidizi aende darasani siku kinapotumika kwa mara ya kwanza, akae nyuma. Hapo ndipo utajua kwamba tatizo halikuwa video. Lilikuwa waya wa projekta.

Punya Mishra na Matthew Koehler waliandika mwaka 2006 kwamba mwalimu anahitaji aina tatu za maarifa zikutane: ya somo, ya kufundisha na ya teknolojia. Warsha nyingi hushughulikia ya tatu pekee. Mhadhiri tayari ana ya kwanza kuliko msaidizi yeyote, na mazungumzo yaanzie hapo.

Kisha kuna muda. Kama kutengeneza nyenzo hakuhesabiwi kwenye mzigo wa kazi wala kwenye kupandishwa cheo, watakaofanya ni wachache wenye moyo, nao watachoka. Hilo haliwezi kutatuliwa na kitengo cha teknolojia. Ni la mkuu wa idara na walio juu yake, na waambiwe hivyo.

20. Nimfanyie mhadhiri kazi, au nimfundishe aifanye mwenyewe?

Kinachorudiwa kila wiki, kama kurekodi slaidi, kupakia faili au kurekebisha manukuu, afundishwe. Kinachotokea mara moja kwa mwaka, kama uhuishaji mgumu au kupiga picha za upasuaji, fanya wewe au mtafutie mtu. Kumfundisha profesa programu ya uhuishaji ili aitumie mara moja ni kupoteza muda wa watu wawili. Katika hali zote mbili, faili za awali zinazoharirika zibaki kwake.

21. Mhadhiri mzoefu anakataa kabisa. Nimshawishije?

Pengine usimshawishi. Msikilize kwanza, maana mara nyingi ana hoja: ameona teknolojia kadhaa zikija kwa vigelegele na kuondoka kimya, na anafundisha vizuri kwa chaki. Wengine wanachoogopa ni kuaibika mbele ya wanafunzi mashine ikigoma, na hilo hutatuliwa kwa kufanya zoezi pamoja naye ukumbini, milango ikiwa imefungwa. Muulize ni maelezo gani amechoka kuyarudia kila mwaka. Akikutajia moja, mna pa kuanzia. Asipokutajia, kunyweni chai, na uende kwa mwingine.

22. Tutajuaje kama imesaidia?

Idadi ya waliotazama haitoshi, na kuridhika kwa wanafunzi kunaweza kupotosha. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walilinganisha madarasa ya fizikia: waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, lakini walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara laini. Kwa hiyo dodoso peke yake lingewapa ushindi wasiostahili.

Rudi kwenye sentensi ya swali la 4. Chukua swali moja la mtihani linaloipima, linganisha majibu ya mwaka uliotangulia na ya mwaka huu. Si jaribio la kisayansi, makundi hayafanani, lakini ukisoma majibu yenyewe utaona kama kosa lile la kila mwaka bado lipo. Takwimu za kutazama zina matumizi moja zuri: dakika ambayo wengi wanarudisha nyuma ndiyo uliyoieleza vibaya.

## Mambo ya pembeni

23. Nimeweka video na sasa hawaji darasani.

Kama kipindi kinarudia kilichomo kwenye video, wamefanya uamuzi wa busara. Video ikabebe maelezo, na kipindi kiwe cha kutenda: maswali ya kujadiliana wawili wawili, mifano migumu, makosa ya zoezi lililopita. H5P, zana inayofanya kazi ndani ya Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni, huweka maswali katikati ya video; tumia majibu yake kuamua mtaanzia wapi darasani. Usianze kipindi kwa kufupisha video kwa ajili ya wasioitazama, maana wiki ya pili hakuna atakayeitazama.

24. Uigaji wa kompyuta unaweza kuchukua nafasi ya maabara?

Kwa kuelewa uhusiano wa vitu, kama volteji ikipanda mkondo unafanyaje, uigaji unafaa sana, na mwingine huonyesha yasiyoonekana kwa macho. PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, una mifano mingi ya bure. Kwa ustadi wa mkono, harufu, vipimo visivyokaa sawa na kifaa kinachokataa kuwaka, hakuna mbadala. Utumie kabla ya maabara, ili saa chache za maabara zisiishie kwenye maelekezo.

25. Naweza kutumia akili mnemba (AI) kutengeneza picha na sauti?

Picha za mapambo hazihitajiki (swali la 6), na michoro ya kitaalamu ndipo akili mnemba inapoteleza: lebo zisizo na maana, mfupa uliozidi, mshale ulioelekea kusiko. Mwanafunzi hana uwezo wa kugundua. Ndiyo maana yuko darasani. Kila mchoro uupitie kama unavyopitia rasimu ya tasnifu, au uchore mwenyewe.

Kuhusu sauti, majaribio ya awali yalionyesha kwamba sauti ya binadamu ilifundisha vizuri kuliko ya mashine. Sauti za mashine za siku hizi zimesogea karibu na tofauti imepungua. Lakini matamshi ya istilahi na majina bado huyumba. Ukitumia, sema umetumia. Usiige sauti wala sura ya mwenzako bila idhini yake ya maandishi, na usipakie kwenye huduma hizo rekodi zenye sauti au majina ya wanafunzi.

26. Umeme ukikatika katikati ya kipindi?

Kuwa na chaki, na michoro miwili muhimu uliyowahi kuichora kwa mkono angalau mara moja. Video uliyopanga kuonyesha iwe imepakuliwa kwenye kompyuta yako tangu jana, kwa kuwa intaneti huondoka mara nyingi zaidi kuliko umeme. Usisubiri zaidi ya dakika tano.